Kugundua na kuingiza vifaa kwenye LibreNMS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa na mafundi wa vyuo, hospitali, watoa huduma wadogo wa intaneti na ofisi zenye matawi. Nimeyajibu kwa LibreNMS, programu huria ya kusimamia mtandao iliyojitenga kutoka Observium mwaka 2013, kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo kila siku. Ukitumia nyingine, amri zitabadilika lakini sababu zitabaki zile zile, maana karibu zote zinasimama juu ya pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kiko hai) na SNMP (lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kueleza hali zao).

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Kugundua kifaa na kuingiza kifaa si kitu kimoja?

Hapana. Kugundua ni programu kutoka yenyewe, kupiga hodi mlango kwa mlango na kuandika nani kaitikia. Kuingiza ni wewe kuipa orodha uliyonayo tayari: hii ruta iko hapa, hii swichi iko pale, nenda kazifuatilie.

Orodha hizi mbili hazitafanana hata siku moja, na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kifaa kilichomo kwenye daftari lako lakini hakiitiki kina hitilafu, au kilishang'olewa bila mtu kukuambia. Kifaa kinachoitika lakini hakimo kwenye daftari kimewekwa na mtu, na unahitaji kumjua mtu huyo. Ndiyo maana napendekeza ufanye vyote viwili, ukianza na daftari. Skani pekee hukuonyesha vinavyojibu, wala haijui vinavyopaswa kuwepo.

Kwenye LibreNMS neno la kugundua lina maana ya pili pia, na huwachanganya wengi. Tazama swali la 17.

2. Programu inajuaje kwamba hii ni swichi ya Cisco na ile ni ruta ya MikroTik?

Inauliza. Kwanza hupiga pingi kuona kama kuna uhai. Kisha hutuma swali la SNMP kwenye porti ya UDP 161 na kuomba vitu vichache: jina la kifaa, maelezo yake, na namba ya utambulisho iliyoko kwenye anwani `1.3.6.1.2.1.1.2.0`. Jibu la namba hiyo kwa kawaida huanza na `1.3.6.1.4.1`, likifuatiwa na namba ya mtengenezaji: 9 ni Cisco, 2011 ni Huawei, 14988 ni MikroTik, 41112 ni Ubiquiti. Kuanzia hapo programu hujua ni vipimo gani vya kuomba.

3. Niwe na nini mkononi kabla ya kuanza?

Orodha ya subneti zote unazozisimamia (yaani mafungu ya anwani za mtandao wako), neno la komyuniti la SNMP, ambalo hutumika kama nywila (au majina na nywila, kama ni toleo la 3), na anwani ya kudumu ya seva ya LibreNMS. Anwani ya kudumu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kila kifaa kitaandikiwa kwamba kimruhusu mwenye anwani hiyo tu. Ikibadilika, mtandao mzima unanyamaza kwa mpigo mmoja na utadhani kumetokea msiba.

Ongeza mtu anayelijua jengo. Fundi wa umeme, mlinzi wa zamani, yeyote anayejua kwamba kuna kabati la swichi nyuma ya stoo ya vitabu. Hakuna programu itakayokuambia kifaa kiko chumba gani kama hakuna aliyeandika.

4. Nitumie SNMP toleo gani?

Toleo la 1 ni la mwaka 1988, na tatizo lake kubwa ni kaunta. Kaunta zake za baiti ni za biti 32, yaani huhesabu hadi 4,294,967,295 kisha hurudi sifuri. Kiungo cha Mbps 100 kikijaa, kaunta hiyo huzunguka kwa takriban sekunde 343. Kiungo cha Gbps 1 huizungusha kwa sekunde 34 hivi. LibreNMS kwa kawaida huuliza kila baada ya sekunde 300. Maana yake, kwenye gigabiti kaunta inaweza kuzunguka mara nane kati ya swali na swali, na grafu yako ikawa haina ukweli wowote.

Toleo la 2c lina kaunta za biti 64, na hilo ndilo la chini kabisa la kukubali. Hata hivyo neno lake la komyuniti husafiri wazi, na yeyote aliye njiani anaweza kulisoma. Toleo la 3 huthibitisha na kusimba. Ndani ya VLAN ya usimamizi (mtandao uliotengwa kwa ajili ya kusimamia vifaa) iliyofungwa vizuri, 2c inatosha. Swali likipita kwenye mtandao wa mtu mwingine, hata kama ni mtoa huduma mnayeaminiana, tumia toleo la 3.

## Kuandaa vifaa vijibu

5. MikroTik zangu zote hazionekani. Nifanyeje?

Kwenye RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, SNMP huja ikiwa imezimwa. Iwashe, badilisha neno la komyuniti, na ruhusu seva yako peke yake:

```
/snmp community set [find default=yes] name=neno-lako addresses=10.20.0.5/32
/snmp set enabled=yes
/system identity set name=ruta-tawi-morogoro
```

Mstari wa tatu watu huuruka, kisha hurudi wakilalamika. Kila MikroTik hutoka kiwandani ikiitwa "MikroTik". LibreNMS hukataa kifaa ambacho jina lake la ndani tayari limo, kwa kudhani ni kile kile kimerudi kwa anwani nyingine. Kwa hiyo ukiwa na ruta ishirini, ya kwanza itaingia vizuri, na nyingine kumi na tisa zitakataliwa. Vipe vifaa majina kwanza. Zaidi kuhusu hili liko swali la 15.

6. Seva ya Linux ina snmpd (huduma inayojibu maswali ya SNMP), nimeipima na inajibu yenyewe, lakini LibreNMS haiioni. Kwa nini?

Kwa sababu umeipima ukiwa ndani yake. Kwenye Debian na Ubuntu, snmpd husikiliza `127.0.0.1` peke yake mpaka uiambie vinginevyo. Fungua `/etc/snmp/snmpd.conf`, tafuta mstari wa `agentAddress`, na uweke `udp:161` au anwani halisi ya seva.

Mtego wa pili umejificha hapo hapo. Faili hiyo hutoa ruhusa ya kuona sehemu ndogo tu ya taarifa, inayoitwa `systemonly`. Seva itaingia, jina litaonekana, utafurahi. Kisha utagundua haina diski, haina kumbukumbu, haina porti. Panua ruhusa iwe `.1` kwa komyuniti yako, anzisha upya huduma, halafu gundua upya.

## Kugundua

7. Naskani vipi subneti nzima?

Andika kwanza mitandao yako, kisha kimbiza skani:

```
lnms config:set nets.+ '10.20.0.0/24'
lnms config:set nets.+ '10.20.8.0/24'
./snmp-scan.py
```

Hii hufanyika ukiwa mtumiaji `librenms`, ndani ya `/opt/librenms`. Kila kinachojibu pingi na SNMP kitaongezwa papo hapo. Hakuna chumba cha kusubiri kibali. Hilo ndilo la kukumbuka kabla ya kubonyeza.

Usiandike `10.0.0.0/8` kwa uvivu. Subneti ya /24 ina anwani 254 za kupigiwa hodi. Ya /16 ina 65,534, na karibu zote ni vyumba vitupu ambavyo programu lazima isubiri kimya chao. Orodhesha zile /24 unazozitumia kweli. Kama huzijui, jedwali la njia la ruta kuu litakuambia kwa dakika moja.

Maneno ya komyuniti pia yana gharama. Ukiweka matano, programu hujaribu moja baada ya jingine na kusubiri kimya cha kila lililokosewa. Weka linalotumika zaidi juu.

8. Kugundua kupitia majirani ni nini, na ni bora kuliko skani?

Swichi na ruta nyingi hutambulishana na kifaa cha upande wa pili wa kebo kwa lugha za LLDP au CDP. MikroTik huzungumza zote mbili pamoja na MNDP yake. LibreNMS ikishakuwa na kifaa kimoja, husoma orodha ya majirani zake, huenda kwao, husoma majirani wa majirani, na hivyo hivyo mpaka mtandao unaisha.

```
lnms config:set autodiscovery.xdp true
```

Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri zaidi ya kuanza, kwa sababu inafuata kebo. Skani hukupa rundo la anwani. Majirani hukupa umbo la mtandao, nani kaunganishwa na nani kwa porti ipi, na ramani hujichora yenyewe. Anza na swichi ya kati, si ya pembeni.

Ina masharti matatu. Lazima kifaa cha kwanza ukiongeze kwa mkono. Anwani za majirani lazima ziwe ndani ya `nets` (orodha ya mitandao ya swali la 7), vinginevyo programu itawaona na kuwapita. Na kwa kawaida majina ya majirani lazima yapatikane kwenye DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani), kwa maana jirani hujitambulisha kwa jina. Kama huna DNS ya ndani, iruhusu itumie anwani:

```
lnms config:set discovery_by_ip true
```

Lakini soma swali la 12 kabla ya kufanya hivyo.

9. Je, niwashe kugundua kupitia ARP?

Kwa mitandao mingi, hapana, na ndiyo maana huja ikiwa imezimwa. Jedwali la ARP, ambamo ruta huandika anwani za vifaa ilivyowasiliana navyo, lina kila kilichopita: simu za wageni, kompyuta mpakato, televisheni ya mapokezi. Ni jambo la kufaa kwenye VLAN ya usimamizi isiyo na kitu kingine ila vifaa vya mtandao. Nje ya hapo utakesha ukifuta.

10. Pingi inajibu vizuri lakini kifaa kinakataa kuongezwa. Tatizo liko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ugumu wake una sababu. SNMP toleo la 2c husafiri kwa UDP, na kifaa kikipokea neno la komyuniti lisilo sahihi hakisemi "umekosea". Kinakaa kimya. Kimya hicho hicho utakipata kama SNMP imezimwa, kama fayawoli imezuia, kama anwani ya seva yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, au kama jibu limepotea njiani. Magonjwa matano, dalili moja. Usibahatishe, tenganisha.

Anza kutoka kwenye seva ya LibreNMS yenyewe, wala usitumie kompyuta yako:

```
snmpget -v2c -c 'neno-lako' 10.20.0.14 1.3.6.1.2.1.1.5.0
```

Jina likirudi, SNMP ni nzima na tatizo liko kwenye LibreNMS: huenda ni jina linalojirudia, au umeandika komyuniti nyingine kule. Angalia pia kama neno lako lina alama kama `$` au `!`, ambazo dirisha la amri huzitafsiri kivyake usipoziweka ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja (`'`).

Jina lisiporudi, fungua dirisha la pili na uangalie pakiti:

```
tcpdump -ni any udp port 161
```

Ukiona maswali yanatoka na hakuna jibu, nenda kwenye kifaa. Ukiona jibu linarudi lakini kutoka anwani tofauti na ile uliyoiuliza, umempata mchawi: ruta ina anwani nyingi na inajibu kwa ile iliyo karibu na njia ya kutokea, na fayawoli iliyo katikati inaitupa pakiti hiyo kama mgeni asiyealikwa. Kwenye vifaa vingi unaweza kuamuru SNMP ijibu kwa anwani moja maalumu. Fanya hivyo.

Toleo la 3 ni la kiungwana zaidi hapa. Ukikosea jina au nywila, kifaa hukurudishia kosa lenye maelezo, kwa hiyo unajua ulipo.

11. Skani ilikuta vifaa vichache kuliko nilivyotarajia. Niirudie?

Angalia saa kwanza. Kama umeme ulikatika asubuhi ile na swichi za ghorofani hazina UPS, skani imekuta nusu ya jengo na kuamini ndiyo jengo zima. Vivyo hivyo wakati wa likizo, kwenye shule zinazozima vifaa vya maabara. Iskani saa za kazi, umeme ukiwa wa uhakika, halafu irudie siku nyingine na ulinganishe. Kurudia hakuna madhara: kilichomo hakitaongezwa mara ya pili.

## Kuingiza kutoka kwenye orodha

12. Niingize vifaa kwa jina au kwa anwani ya IP?

Kwa jina, kama una DNS ya ndani inayotunzwa. Anwani hubadilika, jina hubaki, na saa nane za usiku ujumbe unaosema "swichi-maabara-2 haijibu" unaeleweka bila kufungua daftari.

Lakini DNS ikiwa mgonjwa, mfumo wako wa kufuatilia utaugua naye: DNS ikianguka, kila kifaa kitaonekana kimekufa. Njia ya kati ni kuandika majina kwenye `/etc/hosts` ya seva, au kuingiza kwa anwani na kumpa kila kifaa jina la kuonyeshwa. Kwa mtandao wa vifaa chini ya hamsini, mimi huchagua `/etc/hosts` bila kusita.

Ukitaka kubadilisha baadaye, tumia nyenzo ya kubadilisha jina iliyomo kwenye programu. Usifute na kuongeza upya, kwa sababu grafu huhifadhiwa kwenye folda yenye jina la kifaa, na kufuta kifaa ni kufuta historia yake.

13. Nina orodha ya vifaa mia mbili kwenye Excel. Lazima niandike kimoja kimoja?

Hapana. Ihifadhi kama CSV yenye safu mbili, anwani na neno la komyuniti, bila kichwa, kisha:

```
while IFS=, read -r anwani neno; do
  lnms device:add --v2c -c "$neno" "$anwani" < /dev/null
done < vifaa.csv
```

Jaribu na mistari mitatu kwanza. Ukiwa na mfumo mwingine unaotunza orodha, LibreNMS ina API (mlango wa programu nyingine kuzungumza nayo) inayopokea vifaa kwa `POST` kwenye `/api/v0/devices`, na huko unaweza kuviongeza moja kwa moja kutoka kwenye skripti yoyote.

Faili yenye maneno ya komyuniti ni faili ya siri. Ikimaliza kazi, ifute.

14. Skripti inasema kila kifaa hakipatikani, ingawa anwani ni sahihi kabisa. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni faili yenyewe. Faili zilizotengenezwa Windows huishia kila mstari na herufi mbili zisizoonekana badala ya moja, na ile ya ziada hujishika mwishoni mwa neno la komyuniti. Kwa macho ni `neno-lako`. Kwa kifaa ni neno jingine kabisa. Safisha kwa `sed -i 's/\r$//' vifaa.csv`. Mstari wa kwanza peke yake ukikataa, faili ina alama ya usimbaji iliyofichika mwanzoni. Ihifadhi upya kama UTF-8 isiyo na alama hiyo.

Mengine ya kuangalia: Excel yenye mpangilio wa nchi fulani hutumia nukta-mkato badala ya mkato. Nafasi tupu huingia baada ya anwani mtu anaponakili kutoka kwenye barua pepe. Na kuna watu wanaoandika `10.20.0.010` ili safu ipendeze. Baadhi ya programu husoma namba inayoanza na sifuri kwa msingi wa nane, kwa hiyo `010` inakuwa 8, nawe unafuatilia kifaa cha jirani bila kujua. Ondoa sifuri zote za mbele.

Nikihama kutoka programu nyingine je? Toa orodha ya majina na anwani, uingize kama hapo juu. Usijaribu kuhamisha violezo na vizingiti vya tahadhari. Kila programu ina fikra zake, na utapoteza muda mwingi kuliko kuandika upya. Grafu za zamani ziache kwenye seva ya zamani, uiwashe pale utakapozihitaji.

15. Naambiwa kifaa tayari kipo, na mimi sikioni. Nikilazimishe?

Usilazimishe kabla ya kujua ni kipi kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba kweli kimo, kwa anwani yake nyingine. Ruta yenye violesura kumi na viwili ina anwani kumi na mbili, na skani imeingia kwa mlango usioutarajia. Suluhisho ni kuiongeza kwa anwani isiyotegemea porti yoyote, ile mafundi wanayoiita lupubaki, ili ibaki inafikika hata kiungo kimoja kikikatika.

La pili ni vifaa viwili tofauti vyenye jina moja la ndani. Hapa kuna mpangilio wa `allow_duplicate_sysName` unaoruhusu majina kufanana. Upo, unafanya kazi, na nakuomba usiuguse. Siku ruta saba ziitwazo "MikroTik" zitakapolia pamoja kwenye kumbukumbu za matukio, hutajua uende tawi gani. Badilisha majina kwenye vifaa, kama kwenye swali la 5.

## Baada ya kuingia

16. Kifaa kimeingia lakini kinaonekana kama kifaa cha kawaida tu, bila nembo wala vipimo vya joto.

Programu haikutambua namba yake ya utambulisho (swali la 2). Sasisha LibreNMS kwanza, maana vifaa vipya huongezwa mara kwa mara. Ikibaki vile vile, porti na trafiki bado zitafuatiliwa kwa vipimo vya jumla, na mara nyingi hilo linatosha. LibreNMS ni ya jumuiya: ukituma matokeo ya `snmpwalk` ya kifaa chako, kinaweza kuongezwa, na fundi mwingine mwenye kifaa hicho hatahangaika kama wewe. Ondoa kwanza anwani na majina ya siri.

17. Nimeongeza moduli yenye porti mpya kwenye swichi. Mbona hazionekani?

Hii ndiyo maana ya pili ya kugundua. Kwa mpangilio wa kawaida LibreNMS hufanya kazi mbili: kila dakika 5 husoma thamani za vitu inavyovijua tayari, na kila saa 6 hukagua kifaa upya kuona kuna kitu gani kipya ndani yake. Porti yako inasubiri zamu hiyo ya saa 6. Kama huna subira, fungua ukurasa wa kuhariri kifaa na ubonyeze kitufe cha kugundua upya.

18. Vifaa vionekane kwenye ramani mahali vilipo. Inawezekana?

Ndiyo. Weka eneo kwenye kifaa chenyewe, na mwishoni uandike latitudo na longitudo ndani ya mabano ya mraba: `Ofisi kuu, Dar es Salaam [-6.81, 39.28]`. LibreNMS husoma namba hizo bila kuuliza mtu. Usisahau alama ya kutoa ukiwa kusini mwa ikweta. Ukiisahau, mtandao wote utahamia kaskazini.

## Hali zisizo za kawaida

19. Wateja wangu wote wanatumia `192.168.88.0/24`. Nawafuatiliaje kutoka sehemu moja?

Hiyo ni subneti ya MikroTik kutoka kiwandani, na kwa watoa huduma hali hii ni ya kila siku. Huwezi kuwa na anwani moja inayomaanisha ruta kumi. Unganisha kila mteja kwa handaki, WireGuard kwa mfano, kisha kwenye ruta yake tafsiri kila anwani iwe anwani nyingine moja: mteja wa kwanza aonekane kwako kama `10.201.1.0/24`, wa pili `10.201.2.0/24`. Ingiza vifaa kwa anwani hizo mpya. Skani ya moja kwa moja hapa izime kabisa. Ingiza kwa orodha.

Usifungue porti 161 kwenye intaneti kama njia ya mkato. Vifaa vilivyo wazi namna hiyo hutumika kuwashambulia watu wengine, kwa sababu swali dogo la SNMP huweza kuleta jibu kubwa mara nyingi zaidi, na anwani ya muulizaji kwenye UDP ni rahisi kughushi.

20. Naskani vipi mtandao wa IPv6?

Huuskani. Subneti moja ya /64 ina anwani 2 kwa kipeo cha 64. Ukipiga hodi anwani elfu moja kila sekunde, utamaliza baada ya takriban miaka milioni 584. Tumia majirani (swali la 8) au orodha (swali la 13).

21. Kamera, mashine za mahudhurio na vifaa visivyo na SNMP nivifanyeje?

Viongeze kwa pingi peke yake:

```
lnms device:add -P kamera-lango-kuu
```

Utajua kiko hai au la, na jibu lake linachukua muda gani. Kwa kamera ya lango, hilo ndilo unalolihitaji. Kinyume chake, simu za mezani zinazojitangaza kwa CDP hujaza orodha bila faida. Zizuie kwa `autodiscovery.cdp_exclude.platform_regexp`, au weka subneti yao kwenye `autodiscovery.nets-exclude`.

22. Nahitaji ruhusa kuskani mtandao wa taasisi niliyoajiriwa?

Kama usimamizi wa mtandao ni kazi yako, mjulishe mkuu wako kwa maandishi tarehe na subneti. Kama wewe ni mkandarasi, pata kibali chenye sahihi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na zote mbili huadhibu kuingia kwenye mifumo bila idhini. Kujaribu maneno matano ya komyuniti kwenye vifaa vya wapangaji wenzako wa jengo si jambo utakalopenda kulieleza mbele ya mtu. Subneti usiyo na uhakika nayo, iache nje ya `nets`.

23. Kifaa kimeng'olewa. Nikifute au nikizime?

Kama kimeenda kutengenezwa na kitarudi, kizime: hakitaulizwa, hakitapiga kelele, na historia yake itabaki. Kikiwa kimekufa, subiri mpaka mmemaliza kuandika ripoti zinazohitaji grafu zake, ndipo ukifute. Halafu nenda kwenye daftari la swali la 1 ukifute na huko, pamoja na mstari wake kwenye DNS au `/etc/hosts`. Anwani hiyo ikipewa kifaa kingine wakati jina la zamani bado lipo, ndipo utakapoitwa usiku kwa ajili ya swichi iliyokwisha kuuzwa.